Kwetu ni Sauti ya Pili

Tarehe 23 Desemba 2020, ilipofika saa tisa alasiri, nilikuwa na funguo tano za watu mfukoni. Nyumba niliyopanga Pasua, mjini Moshi, ina vyumba sita vinavyotazamana, bomba moja katikati na kamba za kuanikia nguo. Kila jirani alipomaliza kufunga mlango wake alikuja kwangu na begi begani, na wote walisema maneno karibu yaleyale: "Dada fundi, nakuachia funguo. Si upo?"

Nipo, niliwajibu. Mmoja alikuwa anakwenda Rombo, mmoja Machame, wawili Kibosho, wa mwisho Marangu. Ndivyo ilivyo huku. Mchagga awe anaishi Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo, Desemba ikifika hupanda kwao mlimani. Mabasi yanajaa, mbuzi wanapanda bei, na katika nyumba za kupanga za mjini hubaki wale wasio na pa kupanda.

Usiku wa mkesha wa Noeli niliwasha taa za nje za vyumba vyote sita ili mwizi adhani kuna watu. Kisha nikakaa kizingitini kwangu. Kengele za kanisani zilipigwa, nikazisikia, sikwenda. Nilikuwa nimeishi Moshi miaka mitano. Nilijua duka gani lina lastiki isiyolegea na lipi linauza uzi unaokatikakatika, nilijua saa ambayo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana na saa ambayo wingu huifunika. Watu wa nyumba ile waliniamini hata wakaniachia vyumba vyao. Lakini katika ule ukimya niliona jambo moja waziwazi: wote walihitaji niwepo, na hapakuwa na yeyote ambaye kutokuwepo kwangu kungemuuma.

Nimetoka Newala, juu kwenye uwanda wa Wamakonde, ambako ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde likishuka kuelekea Ruvuma. Nilikuja Moshi mwaka 2015 nikimfuata mume wangu, dereva wa magari ya watalii. Korona ilipowafungia watalii njia, kazi yake ilikwisha. Akaenda Dar es Salaam kutafuta nyingine, simu zikawa chache, kisha zikakoma. Sitaandika zaidi ya hapo, kwa sababu yeye naye ana upande wake na hayupo hapa kuusema. Mimi nilibaki na cherehani ya miguu, chumba kimoja, na nafasi ya meza kwenye baraza ya duka karibu na soko la Mbuyuni.

Ukitaka kuelewa upweke wa mgeni mjini Moshi, lazima uelewe kwanza kihamba. Kihamba ni shamba la nyumbani, lenye migomba juu, kahawa chini yake, magimbi chini zaidi, ng'ombe wa ndani na nyumba katikati. Baba humgawia mtoto wake wa kiume, naye humgawia wake, na wafu wa ukoo huzikwa humohumo. Kwa hiyo mtu wa hapa akikuuliza "Wewe ni wa wapi?" hana ubaya. Anataka kujua mgomba wako uko upande gani wa mlima, ili ajue akuweke wapi moyoni mwake. Nikimjibu Newala, hunyamaza kidogo, hutabasamu, husema "Ooh, mbali!" na mazungumzo hurudi kwenye nguo. Mimi nisingeweza kupata kihamba. Kwetu hata ukoo ulifuata mama, na ardhi yetu ni mikorosho.

Nimeandika haya yote ili nieleze jinsi nilivyopata watu, maana sikuwapata kwa njia niliyoitegemea.

Mwanzoni mwa 2021 kwaya ya parokia moja mjini iliniletea kazi ya sare. Watu thelathini na wanne, wanawake magauni, wanaume mashati, kitambaa kimoja cha bluu ya mawingu ya mvua. Walinitaka niende ukumbini kwao Alhamisi jioni niwapime wote kwa mara moja. Nikabeba futi, daftari na penseli.

Fundi anapompima mtu kifua humwambia avute pumzi, kisha aiachie, na huandika inchi zilizo katikati. Kwa kawaida tofauti ni ndogo, inchi moja au moja na nusu. Pale ukumbini nilishangaa. Mama mmoja mwembamba, muuza ndizi sokoni, alivuta pumzi na futi ikakimbia mkononi mwangu. Mzee wa besi vivyo hivyo. Na mbavu zao hazikupanda juu mabegani kama za wateja wangu wengine, zilitanuka pembeni na nyuma. Nikamuuliza mwalimu wa kwaya, "Hawa watu wako wamelishwa nini?" Akacheka. Akaniambia waimbaji hawapumulii kifuani, wanapumulia kwenye kiwambo.

Neno hilo nililijua. Kwetu kuwamba ngoma ni kuivutia ngozi mdomoni mwa mzinga mpaka ikaze, na kile kilichowambwa ni kiwambo. Babu yangu aliwamba ngoma za sindimba. Sikujua kwamba ndani ya kila mtu, chini ya mapafu, kuna kiwambo kingine, misuli iliyotandazwa kama ngozi ya ngoma, ikishuka unapovuta hewa na kupanda unapoitoa. Kiswahili kimetumia neno lilelile kwa vyote viwili, na sidhani kama lingepatikana lililo bora.

Nilipomaliza kuwapima, mazoezi yakaanza, nami nikabaki kukunja futi polepole kuliko ilivyohitajika. Mwalimu aliandika ubaoni herufi: d, m, s, yaani do, mi, so. Akawaimbisha kwanza herufi tupu, bila maneno. Kisha akanigeukia. "Fundi, unasema kwa sauti nzito nzuri. Hebu shika hii." Akanipa mi. Nikaishika. Akaniambia, "Usiiachie hata hao wengine wakienda mbali." Wale wengine wakaenda mbali kweli, juu na chini, na mimi nikabaki na mi yangu kama mtu aliyeshikilia kamba ya ng'ombe gizani. Waliporudi, sauti zote nne zilitua pamoja na ukumbi ukajaa kitu ambacho hakikutoka kwa yeyote peke yake. Mwili ulinisisimka hadi kwenye ngozi ya kichwa.

"Mpimeni naye," mwalimu akasema. "Sare ziwe thelathini na tano."

Hakuna fundi anayeweza kujipima mwenyewe sawasawa. Mgongo huufikii, na ukiinama kuona inchi, kipimo kimeshaharibika. Yule mama muuza ndizi akaichukua futi yangu, akanizungushia kifuani, akasema, "Vuta pumzi, mwanangu." Ilikuwa miezi mingi tangu mtu mwingine anishike mabega. Aliandika namba kwa mwandiko wake mkubwa chini ya orodha yangu, na badala ya jina langu, ambalo hakulijua, akaandika "Fundi, sauti ya 2".

Niseme kidogo kuhusu sauti ya pili, kwa kuwa watu wengi wanaosikiliza kwaya hawaisikii kabisa. Sauti ya kwanza ndiyo hubeba wimbo ule unaoondoka nao nyumbani. Besi, yaani sauti ya nne, ni msingi, hata mtoto huisikia. Sauti ya tatu ina vijana wenye koo za kung'aa. Ya pili imekaa katikati, mara nyingi ina noti tatu au nne tu wimbo mzima. Wiki za kwanza nilikaribia kukata tamaa. Nilirudi nyumbani nikijaribu kuwaimbia majirani wimbo wetu mpya, nikagundua naweza kuimba "mi mi mi re mi" tu, na hakuna aliyetambua ni wimbo gani. Sauti ya pili peke yake si wimbo. Sijawahi kukutana na kitu kingine kinachohitaji wengine kwa kiasi hicho.

Herufi zile za ubaoni zina safari yake. Mwanamke mmoja Mwingereza, Sarah Glover, mwalimu wa watoto mjini Norwich, ndiye aliyeanza kutumia mfumo wa namna hiyo ili watoto wasiojua kusoma noti za mistari waweze kuimba. John Curwen akauendeleza na kuusambaza katika karne ya 19, na wamisionari wakaubeba hadi Afrika. Mimi niliyekuja kujifunza nikiwa na miaka thelathini na tatu, kwa chaki, kwenye ukumbi wa mabati, nawashukuru wote wawili. Mfumo huo, solfa, haukuulizi umesoma wapi.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Sweden, wakiongozwa na Björn Vickhoff, walipima mapigo ya moyo ya vijana 15 wenye umri wa miaka 18 wakati wakiimba pamoja. Waliwataka kwanza wavumishe sauti moja, kila mtu akipumua anapotaka, kisha waimbe wimbo wa kanisani, kisha mantra, maneno machache yanayorudiwarudiwa, polepole. Walipoimba kwa mpangilio, pumzi zao zilipangana, na pumzi zilipopangana, mioyo yao ilianza kuongeza mwendo na kupunguza kwa pamoja. Niliposoma habari hiyo kwenye simu, nikiwa mezani na gauni la mteja mapajani, niliiweka simu chini. Nilikuwa nimeshalijua jambo hilo kwa mwili wangu tangu ile Alhamisi ya kwanza, sikuwa na maneno yake tu.

Kuna na utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliotoka mwaka 2015. Waliwafuatilia watu wazima walioanza madarasa mbalimbali, wengine ya kuimba, wengine ya kazi za mikono, wengine ya uandishi, kwa muda wa miezi saba. Mwishoni wote walikuwa wamezoeana kwa kiasi kilekile. Tofauti ni kwamba waimbaji walikaribiana mapema zaidi, tangu mwezi wa kwanza. Nimeupenda kwa ukweli wake. Hausemi kwamba muziki una uchawi ambao ushonaji hauna. Unasema muziki hufupisha njia. Mimi njia ya kawaida nilikuwa nimeitembea miaka mitano na sikuwa nimefika.

Ya yoga yalikuja kupitia mgongo. Mwaka 2022 nilipokea kazi ya sare za shule nyingi kupita kiasi na nikaimaliza kwa kulala muda wa saa nne tu kila usiku. Siku moja nikainama kuokota bobini na sikuweza kunyooka. Hospitali niliyokwenda walinipa dawa na kuniambia nipumzike, jambo ambalo fundi wa kipande kwa kipande haliwezi. Dada mmoja wa sauti ya kwanza, muuguzi, ndiye aliyenichukua Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi Rau, kwenye bustani yenye nyasi fupi, ambako binti mmoja aliyekulia Arusha na kusomea yoga Nairobi alikuwa akifundisha. Mtu alichangia alichonacho.

Nilidhani nitawakuta wazungu. Walikuwepo wawili, wa kujitolea. Wengine walikuwa mama mwenye duka la vitenge, vijana wawili waongoza watalii, mpagazi mstaafu aliyebeba mizigo ya kilo 20 juu ya mlima miaka mingi na sasa magoti yanamlipisha, na mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Moshi, ambaye Kichagga chake ni kizuri kuliko changu mara kumi na bado watu humuuliza kwao ni wapi.

Mwalimu akasema tusimame. Miguu pamoja, uzito katikati ya nyayo, utosi ukivutwa juu, mabega yaachiwe. "Huu mkao," akasema, "Wahindi wanauita mlima." Na mbele yetu Kibo ilikuwa wazi, theluji yake ikipata jua la kwanza, mita 5,895, imesimama bila kujitahidi. Nikasimama. Na ghafla nilikuwa Newala, nina miaka tisa, na bibi yangu yuko nyuma yangu. Uwandani kwetu maji ni shida ya tangu na tangu; wanawake walishuka mteremko kuyafuata mabondeni na kupanda nayo kichwani. Bibi alinifundisha kubeba ndoo kwa maneno machache: usiitazame njia kwa kichwa, itazame kwa macho, shingo ni mlingoti, pumua chini tumboni, kifua kikipanda maji yatamwagika. Kila alichokisema mwalimu yule asubuhi ile, bibi alikuwa amekwisha kunifundisha. Nilikuwa nimekisahau miaka kumi na miwili juu ya cherehani. Machozi yakanitoka, nikaacha yatoke, na hakuna aliyenitazama kwa namna ya kuniaibisha.

Tulikwenda mkao hadi mkao. Ule wa kuweka viganja na nyayo chini na kiuno juu, ambao kwingine huitwa wa mbwa, mwalimu wetu anauita "paa", kama paa la nyumba, kwa kuwa mama wa vitenge alisema hataki kujifananisha na mbwa, na mwalimu akaona hoja ni ya haki. Ule wa kupiga magoti na kuweka paji la uso chini, mama huyohuyo alisema kwa sauti ya chini, "Huu naujua tangu utotoni," na mimi niliyekuwa mkeka wa pili nikamsikia akipumua kwa utulivu mkubwa. Mwisho kuna kulala chali bila kusogea. Yule mzee alitueleza kwamba kwa Kisanskriti mkao huo unaitwa wa maiti. Sisi tunauita pumziko.

Wiki ya tatu niliona tatizo ambalo fundi pekee ndiye angeliona. Kina mama walikuwa wakikwepa nusu ya mikao. Kanga inafunguka, sketi inapanda, na suruali za kubana zinazovaliwa kwenye picha za yoga hakuna mama wa rika lao angethubutu kupita nazo barabarani Rau. Mpagazi alikuwa amevaa suruali ya dengrizi, goti halikunji. Basi nikakaa usiku mmoja nikakata suruali pana ya kitenge, yadi mbili na nusu, kiuno cha lastiki pana, miguuni pindo la kamba ili mtu akiweka miguu juu isiporomoke. Kati ya mapaja nikapachika kipande cha pembe nne kilichokatwa mshazari, kwa sababu pale ndipo mshono hupasuka mtu akitanua miguu. Juu yake unafunga kanga kama kawaida hadi ufike bustanini. Nikaijaribu mwenyewe chumbani, nikafanya paa, nikachuchumaa, nikasimama kwa mguu mmoja. Ikashika.

Jumamosi nikaenda nayo. Ndani ya mwezi nilikuwa nimeshona kumi na tisa. Sasa ukitutazama kwa mbali tunafanana na kamba ya nguo siku ya upepo, kila mmoja na maua yake. Mama wa vitenge alinipunguzia bei ya kitambaa, nami nilimshonea yake bure. Yule mpagazi alipochuchumaa mara ya kwanza bila kushika mti, tulimpigia vigelegele mpaka walinzi wa nyumba za jirani wakachungulia getini.

Halafu kwaya ikasikia. Jambo hili sitalifunika. Mzee mmoja wa sauti ya nne, mtu ninayemheshimu, alisimama kwenye kikao akasema yoga ni ibada ya miungu ya Kihindi, na kwamba mtu hawezi Jumamosi kuinamia jua na Jumapili kumwimbia Bwana. Wengine waliitikia kwa vichwa. Nilikaa nikiutazama mkoba wangu. Niliogopa kupoteza kimoja kwa ajili ya kingine.

Sikuwa na hoja siku ile. Nilizitafuta baadaye. Nilimuuliza mzee wa bustanini, na hakunidanganya kwa kuniambia yoga ni mazoezi ya viungo tu. Alisema asili yake ni India na ndani ya dini za huko, na asiyejua hilo hamheshimu aliyempa. Akaniambia neno lenyewe linatokana na "yuj", kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyofungwa kwenye nira moja. Nilimuuliza pia padri. Akanieleza kwamba mwaka 1989 Vatikani iliwaandikia maaskofu kuhusu mambo haya: ilionya waamini wasichanganye hisia za mwili na neema ya Mungu, lakini haikusema kwamba kila njia ya kutuliza mwili iliyotoka dini nyingine lazima itupwe. Akaniuliza, "Ukiwa umelala pale mwisho, unasemaje moyoni?" Nikamwambia nasali Salamu Maria, kwa kuwa inatosha vizuri kwenye pumzi mbili. Akanyamaza, kisha akasema, "Endelea kusali."

Msimamo wangu ni huu. Umoja wa Mataifa mwaka 2014 uliipa yoga siku yake, tarehe 21 Juni, lakini si hilo lililonishawishi. Pwani yetu na India zimepokezana vitu kwa karne nyingi: gari ni neno la kule, bima vilevile, chapati tunaikanda kila asubuhi. Tumepokea, tukatia vya kwetu, na hatukuacha kuwa watu tuliokuwa. Dhamiri ya yule mzee wa besi ikimkataza, asije, na nisingependa aje kwa kulazimishwa. Yeye naye hakunitaka nitoke kwaya. Baada ya kikao alinifuata mlangoni akaniambia, "Binti, nimesema ninavyoamini. Alhamisi usichelewe." Kukaa pamoja na mtu mnayetofautiana waziwazi, na kesho mkapumua kwenye mstari mmoja wa wimbo, ni jambo ambalo sikuwa nimelipata popote hapo kabla.

Juni 2023 niliugua homa ya matumbo. Siku tisa sikutoka ndani. Sauti yetu ya pili ina watu wanne tu. Wiki hiyo mmoja alikuwa amejifungua na mwingine alikuwa amesafiri kwenda msibani Singida. Alhamisi usiku simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa mwalimu, sekunde arobaini, bila neno la salamu. Nikauweka sikioni.

Ulikuwa mwisho wa wimbo wetu wa Jumapili. Sauti ya kwanza ilitua kwenye do yake ya juu. Ya tatu ikatua kwenye so. Besi do ya chini. Na katikati, mahali pa mi, palikuwa wazi, kwani yule mwenzangu aliyebaki alikuwa amekaukiwa na sauti. Wanaojua muziki wataelewa: mi ndiyo huamua kama wimbo unacheka au unalia. Bila hiyo, do na so husimama tu zikitazamana, kama kuta mbili zisizo na paa. Nilisikia watu zaidi ya ishirini wakishikilia noti ile ya mwisho muda mrefu kuliko inavyoandikwa, kana kwamba wananisubiri niingie. Kisha mwalimu akasema, mbali na simu, "Mnasikia pengo hilo? Ndiyo fundi."

Nimeuhifadhi ujumbe huo. Ule usiku wa funguo tano nisingeweza kusema ninachokikosa ni nini. Nilipousikia ujumbe, nililala kitandani na homa yangu nikajua ndicho hiki.

Kesho yake mama muuza ndizi alikuja na chupa ya chai iliyojaa mtori, ndizi zilizopondwa na nyama laini, chakula wanachompa mzazi na mgonjwa. Alinikalisha, akanitilia mto mgongoni. Mchana akaja mama wa vitenge na maji ya madafu. Wawili hao hawakuwa wamewahi kuonana. Nikawa nimelala nikiwasikiliza mlangoni wakibishana kwa upole nani afue shuka zangu.

"Aika, mae," nilimwambia mama muuza ndizi alipokuwa akiondoka. Akasimama. Miaka yote hiyo sikuwahi kumshukuru kwa Kichagga.

Tangu mwaka huo mwalimu wa kwaya huanza mazoezi kwa dakika tano za kupumua, mikono mbavuni, na ni mimi anayeniita mbele kuwaongoza. Haiitwi yoga. Inaitwa "ya fundi". Mzee wa besi hufanya kwa bidii kuliko wote. Tarehe 22 Novemba, siku ya Mtakatifu Sesilia, somo wa waimbaji, tuliimba misa nzima bila kinanda kwa kuwa umeme ulikatika, na hakuna aliyeshuka hata nusu noti.

Desemba ya 2024 mama muuza ndizi aliniambia tukimaliza misa ya Noeli asubuhi, twende wote Kibosho kwake, wajukuu wanataka kumwona huyo fundi. Tarehe 25, saa sita mchana, nilifunga chumba changu nikiwa bado na sare ya bluu. Majirani wanne walikuwa wameshaondoka na funguo zao nilikuwa nazo, kama miaka yote. Nikaongeza yangu, zikawa tano. Chumba cha tatu amehamia kijana kutoka Kigoma, fundi wa kupaka rangi, ana wiki tatu mjini. Alikuwa amekaa kizingitini na sufuria ya chai.

Nikampa funguo tano, maana ya sita ilikuwa yake. Akazipokea kwa mikono miwili. Nilimwona akizihesabu, kisha akaitazama milango iliyofungwa, mmoja mmoja.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "unaimba sauti gani?"

Akasema hajui, hajawahi kuulizwa.

"Nitarudi kesho kutwa. Alhamisi ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni, nakupitia hapa."